Sauti Kutoka Melini

Léontine aliposema anataka kumfuata mchumba wake kijijini Wamaza bila kumjulisha, kaka yake Heri alimkatalia mara mbili.

Walikuwa wamekaa barazani kwa Heri, pale Kasongo, chai ya asubuhi ikipoa mbele yao. Ilikuwa siku ya tatu tangu Léontine arudi kutoka Ubelgiji, na mgongo wake ulikuwa bado unauma kwa barabara ya kutoka Kindu.

"Ngoja siku ya posho," Heri alisema. "Zéphirin alisema atakuja posho. Sasa unakimbilia nini?"

Posho, yaani Jumamosi, ilikuwa siku nne mbele.

"Nimengoja miaka tisa, yaya. Siku ine sitaweza." Yaya ndivyo kwao wanavyomwita ndugu mkubwa.

"Barabara ni mubaya."

"Nimefika hapa na barabara mubaya zaidi."

Heri alichovya mkate kwenye chai, akausahau humo mpaka ukamegeka. Halafu akainuka bila kumtazama dada yake, akaenda kumtafuta Djafari, baba mmoja mwenye pikipiki aliyejua kila shimo kati ya Kasongo na Kabambare. Léontine alidhani ni wasiwasi wa kaka mkubwa tu. Alimpenda kwa wasiwasi huo.

Pikipiki iliondoka kesho yake, kabla jua halijapanda. Mfukoni kwenye mapaja yake Léontine alikuwa na shati la bluu alilomnunulia mchumba wake kule Naples, na kichwani alikuwa na picha moja tu: Zéphirin anatoka darasani, mikono imejaa chaki, anainua macho, anamwona.

Kwa miaka tisa alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee, mjini Liège. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwashika mkono wakitembea hatua kumi za kwenda dirishani na hatua kumi za kurudi. Wenzake walipochukua likizo, yeye alibaki; nyumbani alirudi mara moja tu. Alikuwa na mpango wake. Siku atakapoacha kazi, Zéphirin angekuja, wangezunguka Ulaya wawili kwa majuma matatu, kwa treni na kwa meli, kisha wangerudi pamoja Kasongo kufunga ndoa. Kila kitu kiliandikwa kwa majina mawili. Hata suti ya kijivu ya kuvaa siku ya kuomba visa alimtumia yeye.

Mwezi wa tatu Zéphirin akasema yuko Kinshasa kwa ajili ya visa hiyo. Juma zima simu yake ilikuwa inashika na kukatika. Mwisho akapiga, sauti yake imekwaruza.

"Wamekataa, mupenzi. Wamekataa."

Léontine alilia mpaka bibi mmoja wa kizungu, mwenye miaka tisini, akamfuta machozi kwa kona ya shuka. Alitaka kuvunja safari. Ni Zéphirin aliyemzuia.

"Enda peke yako. Uone na kwa macho yangu. Kila siku unitumie sauti, na mimi nitatembea na wewe."

Basi akaenda peke yake. Alishuka Paris na mvua, akatembea kando ya mto mpaka viatu vikalowa. Alipanda treni ya Uswisi, akaona theluji juu ya milima mwezi wa sita, akacheka mwenyewe kama mtoto. Milano aliwasha mishumaa miwili kanisani. Venezia alipotea vichochoroni nusu siku, na kila alipogeuka alikuta maji. Genoa akapanda meli yenye ghorofa kumi na tano, ndefu kama barabara ya sokoni, ikampeleka Marseille, Barcelona, Palma, Palermo, Naples. Chumbani mwake mlikuwa na vitanda viwili. Kimoja hakikulaliwa. Wakati wa chakula mhudumu mmoja, Mfilipino mwenye tabasamu, alimuuliza kila jioni kama bwana atachelewa. Siku ya nne aliacha kuuliza, akawa anaondoa sahani ya pili kabla Léontine hajakaa.

Na kila siku, akisimama kwenye ukingo wa meli, upepo ukimvuta kitambaa, Léontine alisogeza simu mdomoni akasimulia. Mji, watu, chakula, rangi ya maji. Mwishoni alishusha sauti, akasema yale ambayo mwanamke humwambia mtu mmoja tu duniani. Zéphirin alimjibu kila mara. *Nimesikia. Leo nilikuwa pale na wewe.* Majibu hayo ndiyo yaliyomfikisha mwisho wa safari.

Walifika Wamaza saa nane mchana. Djafari alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kando ya njia, naye akanyoosha kidole.

"Ya Mwalimu Zéphirin? Ile ya mabati mupya."

Mlangoni kulikuwa na mwanamke kijana, anapepeta mchele. Alipomwona Léontine akishuka kwenye pikipiki, alibaki na ungo hewani. Kisha ungo ukaanguka, mchele ukamwagika, na yule mwanamke akaja mbio, mikono wazi.

"Wifi! Wifi yangu wa Ulaya!"

Alimkumbatia kwa nguvu zote. Alinuka moshi na mawese. Tumbo lake gumu, la mimba ya miezi minne hivi, lilimgusa Léontine ubavuni.

Léontine alicheka kwa mshangao. Zéphirin alikuwa na mdogo wake, Salomon, ambaye hakuwa amemwona siku nyingi. Basi Salomon ameoa, akawaza, na hakuna aliyeniambia.

"Umenijuaje?"

"Si sura yako iko kwa telefone! Na sauti! Sema tena kitu." Yule mwanamke alifumba macho. "Ndiyo! Ni yeye kabisa. Mimi ni Olga. Ingia, ingia, wifi, jua ni kali. Kaka yako hakuniambia kama utakuja leo!"

*Kaka yako.* Léontine aliyasikia maneno hayo, lakini hakuyaelewa bado. Aliingia. Alipewa kiti, akapewa maji ya kunawa, akawekewa wali na sombe ya majani ya muhogo, na Olga akakaa mbele yake akimtazama kama mtu anayetazama sinema.

"Kula, wifi. Nilikuwa nasema siku moja nitakupikia, juu ya ile chakula ya meli. Ile ya Palma, samaki mubichi! Nilisema huyu atarudi amekonda."

Mkono wa Léontine ulisimama kwenye sahani.

"Palma? Nani alikuambia Palma?"

"Wewe mwenyewe!" Olga alipiga makofi. "Tulikuwa tunasikiliza wote. Hapa telefone haiko na rezo, anapandaka pale kwa kilima, anachukua sauti yako, anashuka nayo. Tunakaa kwa kiwanja, anaweka kwa redio yake, jirani wanakuja. Paris ulitembea na mvua. Venezia ulipotea. Na Naples! Ulisema ile mulima yao inatoa moshi, na watu wanaanika nguo juu ya barabara. Tulicheka! Na Palermo, ulisema samaki yao haiwezi kushinda ile ya kwetu Nyangwe. Mama Victorine alikuwa hapa siku ile. Akapiga kigelegele: 'Mutoto huyu hakusahau kwao!'"

Mama Victorine alikuwa mama yake Zéphirin. Miaka mitano nyuma, Léontine aliporudi kutambulishwa rasmi, mama huyo ndiye aliyemvisha kitenge mabegani na kumwita binti yangu mbele ya watu wote.

Léontine alimeza tonge lililokuwa mdomoni.

"Kitu moja tu sikupenda," Olga aliendelea, akicheka. "Anakataka sauti mbele ya mwisho. Kila siku! Ikibaki kidogo, anafunga. Ananiambia mwisho ni mambo ya familia. Mimi namwambia, na mimi si familia?"

"Olga," Léontine alisema taratibu. "Bwana yako ni nani?"

Olga alidhani ni mzaha. Alicheka, akageuka, akaonyesha ukuta nyuma ya mgeni wake.

Kulikuwa na picha mbili. Katika ya kwanza Olga alikuwa na gauni jeupe, na pembeni yake Zéphirin, amevaa suti ya kijivu.

"Ile suti ndiyo ulituma," Olga alisema. "Aliniambia. Nilikuwa nataka kukushukuru toka siku ile. Tarehe kumi na ine, mwezi wa tatu. Ulikosa kongé, haukuweza kuja. Nililia, juu yeye alisema wewe ndiye dada yake ya pekee."

Mwezi wa tatu. Juma la Kinshasa. Léontine aliinuka, akaisogelea picha ya pili, ile ya watu wengi mbele ya kanisa. Alipitisha macho safu kwa safu. Mama Victorine. Salomon. Wajomba. Na nyuma, upande wa kulia, shati jeupe, kichwa kimeinamishwa kidogo kama mtu asiyetaka kuonekana vizuri: Heri. Kaka yake wa tumbo moja.

Hakulia. Alisikia masikio yanavuma, kama siku meli ilipoondoka Genoa na honi ikalia juu ya kichwa chake. Nyuma yake Olga alikuwa anasema kitu kuhusu jina la mtoto, kwamba akizaliwa wa kike wangependa...

"Yuko anakuja!" Olga alikimbilia mlangoni. "Zéphi! Njoo uone nani amefika! Dada yako!"

Alikuwa anavuka kiwanja, madaftari kwapani, chaki mikononi, kama Léontine alivyomwona kichwani njia nzima. Aliinua macho. Akamwona.

Kwa muda mfupi sana, uso wake ulifunguka. Léontine aliiona furaha ile, na baadaye alijua kwamba hicho ndicho alichoshindwa kumsamehe zaidi, kwa kuwa ilikuwa furaha ya kweli. Kisha Zéphirin akamtazama mke wake. Akamtazama tena Léontine.

"Karibu," alisema. "Karibu... yaya."

Yaya. Neno analomwita Heri. Neno la mkubwa wa kuzaliwa naye. Alilisema bila kupepesa, mbele ya mkewe, mbele ya mwanamke aliyemwahidi ndoa, na Olga alikuwa anapiga makofi kwa furaha.

"Nionyeshe shule yako," Léontine alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa tulivu.

Walitembea mpaka nyuma ya madarasa, ambapo michikichi iliwaficha wasionekane kutoka nyumbani. Zéphirin aliweka madaftari chini, akanyoosha mkono kumgusa.

"Usinishike."

"Léontine, nilikuwa nakuja siku ya posho. Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Kuniambia nini? Kwamba mimi ni dada yako?"

"Miaka tisa," alisema, na macho yake yakajaa. "Unajua miaka tisa ni nini kwa mwanaume wa hapa?"

"Ninajua. Mimi pia nilikaa hiyo miaka tisa. Mimi peke yangu, na wazee wa watu."

"Mama alisema mwanamke wa Ulaya harudi. Akirudi, amezeeka, hazai. Wajomba wakaja na Olga. Wakapanga siku. Nilikataa mara ya kwanza, Léontine, nakuapia. Mara ya pili sikuwa na nguvu."

"Haukuenda Kinshasa."

"Hapana."

"Hakuna mutu alikukatalia visa."

"Hapana."

Upepo ulitikisa makuti juu yao.

"Nilitaka kuvunja safari. Nilikuambia, nakuja Kasongo sasa hivi, tuoane bila safari. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Zéphirin aliinamisha kichwa.

"Ulinijibu niende nione na kwa macho yako. Nikafikiri ni mapenzi. Kumbe ulitaka tu nikae mbali."

"Nilitaka upate furaha yako!"

"Ulitaka muda, Zéphirin. Muda wa arusi yako itulie. Na ukanilipisha huo muda kwa mdomo wangu, kila siku nasimama pale kwa meli nasema na wewe, na wewe unanichezesha kwa redio, kiwanja kimejaa watu!"

"Sikuwa na namna ingine ya kukusikia nyumbani!" Kilio kilimponyoka. "Ningekusikiliza peke yangu, Olga angeuliza. Nikasema ni dada, basi nikaweza kukusikia hata mbele yake. Mwisho wa sauti nilikuwa namalizia kule kwa kilima, peke yangu. Mara mbili, mara tatu. Na kila kitu nilikujibu ilikuwa kweli. Nakupenda mpaka leo hii."

Léontine alimwamini. Alimjua mtu huyu tangu wakiwa na miaka kumi na tisa. Alijua sauti yake ikidanganya, na sasa alijua pia kwamba mwezi wa tatu hakuitambua.

"Unataka nini sasa?" alimuuliza.

Zéphirin alijifuta macho kwa mkono wenye chaki, ukaacha alama nyeupe shavuni. Zamani Léontine angeifuta.

"Olga iko na mimba. Daktari alisema asipate mushtuko. Mpaka azae tu. Sema wewe ni yaya yangu. Ulale hapa leo, kesho urudi Kasongo. Yeye anakupenda sana, Léontine. Haujui vile anakupenda."

"Anampenda dada yako. Mimi hanijui."

"Ni miezi tano tu."

Léontine alimtazama mpaka yeye akayashusha macho. Kisha akageuka, akashika njia ya kurudi. Alimsikia akiokota madaftari, yanamponyoka, anayaacha, anamfuata. "Léontine. Léontine, tafadhali."

Olga alikuwa ameinama uani, anaokota mchele uliomwagika, punje kwa punje. Alipowaona akaanza kutabasamu, halafu tabasamu likamfia usoni.

"Kuko nini?"

"Kaa, Olga," Léontine alisema. Alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti, naye akachuchumaa mbele yake, kama alivyozoea kufanya kwa wazee wake akiwa na habari nzito. "Umenipokea vizuri kuliko mutu yeyote toka nirudi. Kwa hiyo sitakula chakula yako halafu nikuongopee. Mimi si dada ya Zéphirin."

"Yaya, basi," Zéphirin alisema kutoka nyuma. "Basi!"

"Mimi nilikuwa mchumba wake. Miaka tisa. Nimekuja juu ya ndoa yetu. Mwezi wa tatu aliniambia iko Kinshasa, anatafuta visa yake ya kuja kutembea na mimi. Ile suti nilituma juu ya visa. Sikujua kama uko. Nimejua saa hii, kwa ile picha."

Olga hakupiga kelele. Aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, akawa anamtazama Léontine mdomoni, kana kwamba bado anaisikiliza ile sauti ya kila jioni na sasa inasema lugha nyingine.

"Ile mwisho," alisema. "Ile anakuwaka anakata. Ulikuwa unasema nini?"

Léontine alisita.

"Niambie. Nimesikia zote, na hiyo nataka kuisikia."

"Nilikuwa namwambia nampenda. Kwamba kitanda yake iko mutupu, nailinda. Kwamba nikifunga macho namuona."

Olga alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. Aliinuka akijishikilia kwenye kiti. Zéphirin alitaka kumsaidia, Olga akamrudisha kwa kiganja bila kumgusa.

"Mimi nilikuwa nakupenda, wewe mwanamke," alimwambia Léontine, na machozi yalikuwa yameanza kushuka. "Sina dada. Nilisema Mungu amenipa mumoja, iko mbali lakini iko. Sasa usikae hapa tena. Sikufukuzi kwa ubaya. Siwezi tu kukuangalia."

"Nimeelewa."

Kisha Olga akamgeukia mumewe. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye ua, wanajifanya kutazama mbuzi.

"Na mimi, Zéphi?" aliuliza. "Nikiwa mbali, wewe unaniitaka nani?"

Mwalimu Zéphirin alifungua mdomo. Alitazama ardhi, akatazama ule mchele, akatazama paa la mabati yake mapya.

Léontine alichukua mfuko wake. Djafari, ambaye alikuwa amekaa kivulini anakula ndizi, alimwona uso, akatupa ganda, akawasha pikipiki bila kuuliza.

Juu ya kilima simu ilitetemeka. Léontine alimgusa Djafari begani asimame. Watu watatu walikuwa wamesimama pale kwenye majani, kila mmoja ameinua simu yake juu, wanatafuta rezo. Hapo ndipo Zéphirin alipokuwa anakuja kusikiliza miisho yake. Alisogea mbali nao, akapiga Kasongo. Heri alipokea kabla simu haijalia mara ya pili.

"Umefika?"

"Nimekuona kwa picha, yaya. Shati nyeupe ilikukaa vizuri."

Kwa mbali upande ule alisikia watoto wa Heri wakigombana.

"Walinialika," Heri alisema mwishowe. "Nikaenda kumuambia yeye, umujulishe dada yangu, ukikosa mimi nitamujulisha. Akasema ndiyo, anajulisha. Kila juma anasema ndiyo. Halafu ukaanza safari, unatuma picha, unacheka. Tangu mama yetu afe sikuona umecheka vile. Nikasema, huyu, mimi nimukate hiyo namna gani?"

"Kwa hiyo uliniacha nicheke."

"Dadangu..."

"Nani mwingine alijua?"

Heri alivuta pumzi. "Sema nani hakujua."

Léontine aliketi kwenye majani. Sasa machozi yalikuja, mengi, bila sauti, na hakuyazuia. Chini kule barabara ilikuwa nyekundu, imenyooka kuelekea magharibi, na wanawake wa shamba walikuwa wanarudi na vikapu vyao migongoni. Mmoja wao aliimba. Léontine aliisogeza tena simu mdomoni.

"Leo tutalala njiani, kwa shangazi ya Djafari. Kesho nitafika kwako, juu sina pengine pa kulala."

"Njoo. Njoo tu. Pole sana, da—"

"Usiniambie pole, Heri." Hakumwita yaya. "Pole ulikuwa uniambie nikiwa bado kwa meli."

Alikata simu, akajifuta uso kwa kitambaa, akarudi kwenye pikipiki.

"Mama, tupumzike kidogo kwanza?" Djafari aliuliza.

"Hapana," alisema Léontine, akipanda nyuma yake. "Endesha."